Haidranjia Katika Kivuli cha Alasiri: Kuipanda na Kuitunza Kwenye Bustani za Nyanda za Juu

Mtu anayepanda basi Mombo kwenda Lushoto husafiri kilomita zisizofika 40, lakini katika mwendo huo mfupi huiacha nchi ya mkonge na joto la bondeni na kufika mahali ambapo, ikifika Julai, watu huvaa sweta hata saa sita mchana. Mche wa haidranjia uliopandwa Mombo utaishi kwa taabu, utatoa majani machache yaliyoungua kingo, na hautachanua. Mche wa mama huyohuyo ukipandwa Lushoto, pembeni mwa nyumba na kwenye kivuli kinachofaa, baada ya miaka miwili au mitatu utakuwa kichaka cha kimo cha mtu mzima chenye mashada ya maua makubwa kama vichwa vya kabeji. Tofauti yao haitokani na mbolea wala uhodari wa mtunzaji. Inatokana na ubaridi wa usiku, kwa kuwa haidranjia huanza kuunda matumba yake pale usiku unapokuwa chini ya nyuzi 18 hivi za Selsiasi kwa wiki kadhaa mfululizo.

Kwa hiyo mwongozo huu unawahusu wale wanaoishi juu: Lushoto, Njombe, Mufindi, miteremko ya Kilimanjaro na Meru, Limuru na Kericho kwa upande wa Kenya, na sehemu nyingine zilizo mita 1,400 au zaidi kutoka usawa wa bahari. Msomaji wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa anaweza kununua haidranjia iliyochanua tayari kwenye chungu na kuifurahia kwa wiki chache ndani ya nyumba, lakini namshauri asiihamishie ardhini akitumaini kwamba itachanua tena.

Haidranjia inayozungumzwa hapa ni ile yenye majani mapana, ambayo asili yake ni Japani. Mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi, Carl Peter Thunberg, aliieleza kwa maandishi ya kisayansi mwaka 1784, ingawa aliiweka kimakosa katika jamii nyingine ya mimea, na kosa hilo lilirekebishwa mwaka 1830. Jina lake limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya maji na chombo, kwa sababu tunda lake dogo likikauka hufanana na mtungi. Inapendeza kukumbuka kwamba milima ya Usambara nayo ilitoa zawadi yake kwa walimwengu: ua dogo la zambarau linalopamba madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya, lililopewa jina la Saintpaulia mwaka 1893, lilichukuliwa kutoka huku. Katika mabadilishano hayo ya maua sisi hatukupunjika.

Kuchagua mahali

Ninaanza na mahali, na nitakaa hapo kwa muda, kwa sababu nimeona watu wengi wakitumia fedha kununua mbolea na dawa ilhali tatizo lao lingekwisha kwa kuuhamisha mmea hatua sita tu upande wa pili wa nyumba.

Haidranjia inahitaji jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Mahali pazuri ni pale panapopata mwanga wa moja kwa moja kuanzia saa 1 hadi saa 5 asubuhi, kisha pakafunikwa na kivuli chepesi hadi jioni. Jua la asubuhi huukausha umande kwenye majani, na hivyo kupunguza maradhi ya ukungu. Pia huupa mmea nguvu ya kuunda maua bila kuuchosha. Jua la saa 8 mchana ni jambo tofauti kabisa. Jani la haidranjia ni pana na laini, hupoteza maji upesi kuliko mizizi inavyoweza kuyavuta, na kwenye miinuko yetu jua hilo huwa kali ingawa hewa yenyewe ni baridi. Ndiyo maana anayepima ukali wa jua kwa kuhisi joto la mwilini mwake hukosea.

Kuna kosa linaloletwa na vitabu vilivyoandikwa Ulaya au Marekani, ambavyo humwambia msomaji aipande haidranjia upande wa kaskazini au wa mashariki wa nyumba. Ushauri wa mashariki unatufaa, lakini ule wa kaskazini hautufai hata kidogo. Sisi tuko karibu na ikweta, na jua la adhuhuri hubadilisha upande kulingana na majira. Kwa Lushoto, tangu mwanzoni mwa Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la mchana hupita upande wa kusini, na miezi mingine yote hupita kaskazini. Ukuta wa kusini ulio na kivuli kizuri mwezi Juni unaweza kuwa kikaango mwezi Desemba, na mmea uliopandwa hapo kwa kuangalia kivuli cha siku moja utakuja kuungua nusu mwaka baadaye, mwenyewe akabaki kushangaa. Upande wa mashariki ndio wa kutegemewa, kwa kuwa nyumba yenyewe hulizuia jua la alasiri mwaka mzima.

Kabla ya kuchimba shimo, chomeka kijiti mahali unapopataka na ukitazame siku moja isiyo na mawingu, saa 2 na saa 5 asubuhi, kisha saa 8 na saa 10 alasiri. Ikiwezekana, rudia zoezi hilo baada ya miezi kadhaa. Kama kijiti kiko kivulini mara zote nne, mahali hapo pana giza mno: haidranjia itatoa majani mabichi ya kupendeza na maua ya kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kama kiko juani saa 8 na saa 10, tafuta pengine, au panda kitu kirefu cha kuikinga upande wa magharibi.

Kivuli cha miti nacho kina daraja zake. Mgrevilia unafaa kwa kuwa majani yake yamechanika na huruhusu mwanga upenye madoamadoa, na matawi yake ya chini hukatwa bila kuuumiza mti. Mparachichi mkubwa una kivuli kizito, kwa hiyo haidranjia ipandwe ukingoni mwa kivuli hicho, upande wa mashariki, isikae karibu na shina. Migomba hukinga vizuri upande wa magharibi, lakini nayo hunywa maji mengi na lazima umwagiliaji uongezwe. Mkaratusi usiufikirie kabisa, kwa sababu mizizi yake itaishinda haidranjia katika kila tone la maji.

Kupanda

Wakati mzuri wa kupanda ni mvua za masika zinapokuwa zimekolea, Machi au Aprili, ili mche upate miezi miwili ya unyevu kabla ya kipupwe. Anayepanda wakati wa vuli naye hakosei, mradi awe tayari kumwagilia Januari na Februari.

Chimba shimo lenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 45. Shimo pana lina faida kuliko shimo refu kwenda chini, kwa kuwa mizizi ya haidranjia ni myembamba na hutambaa karibu na uso wa ardhi. Changanya udongo wa juu uliouchimba na debe moja la mboji iliyoiva au samadi ya ng'ombe iliyooza hadi kupoteza harufu. Samadi ya kuku naiepuka: ikiwa mbichi huunguza mizizi, na ile ya kuku wa mayai huwa na chokaa na fosforasi nyingi, mambo mawili yatakayoelezwa katika suala la rangi hapo chini.

Uweke mche usawa uleule uliokuwa nao kwenye kiriba. Ukizikwa zaidi ya hapo, shina huoza wakati wa masika. Ukiachwa juu, mizizi hukauka wakati wa kiangazi. Kati ya kichaka na kichaka acha mita moja na nusu. Umbali huo huonekana mkubwa kupita kiasi pale miche ikiwa na urefu wa shibiri mbili, na kila anayeupunguza hujuta mwaka wa tatu. Ukutani, acha angalau sentimita 80, hasa ukuta ukiwa umepigwa lipu ya saruji. Sababu yake nayo inahusu rangi.

Maji na matandazo

Haidranjia changa ipewe lita 10 hivi za maji mara mbili kwa wiki kusipokuwa na mvua, zimwagwe polepole chini ya kichaka na zisirushwe juu ya majani. Kichaka kikubwa kinahitaji lita 15 hadi 20. Ni bora kumwagilia kwa wingi na kwa nafasi kuliko kunyunyizia kikombe kimoja kila jioni, kwa maana unyunyiziaji wa namna hiyo huizoeza mizizi kukaa juu kabisa ambako kiangazi huifikia kwanza.

Mgeni wa mmea huu hutishika sana anapouona umelegea mchana, majani yakining'inia kama nguo zilizoanikwa, naye hukimbilia ndoo ya maji. Asifanye haraka. Siku ya joto haidranjia hulegea hata kama udongo wake umelowa, na jua likipungua husimama tena yenyewe. Kipimo cha kweli ni alfajiri: mmea uliolegea saa 12 asubuhi una kiu, na hapo maji hayana mjadala. Anayeumwagilia kila unapolegea mchana ataufikisha mahali ambapo mizizi imekosa hewa na kuoza, kisha mmea utalegea kwa kuoza, naye ataongeza maji tena.

Tandaza maganda ya kahawa, nyasi kavu, au majani ya mgrevilia kwa unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Sindano za misonobari zinazopatikana kwa wingi karibu na mashamba ya miti ya Shume ni matandazo mazuri pia, ingawa wanaozisifu kwamba huufanya udongo uwe mchachu wanazipa sifa isiyokuwa yake. Athari yake kwa uchachu wa udongo ni ndogo sana.

Rangi ya maua na majivu ya jikoni

Hapa ndipo haidranjia inapotofautiana na karibu maua yote ya bustani. Kichaka kimoja, bila kubadilishwa aina, kinaweza kutoa maua ya bluu mwaka huu na ya waridi miaka miwili baadaye, na udongo ndio unaoamua. Rangi yenyewe ndani ya ua ni ileile katika hali zote mbili. Kinachotofautiana ni madini ya alumini: mmea ukiyapata, rangi hiyo huungana nayo na kuwa bluu, ukiyakosa, hubaki waridi. Karibu kila udongo una alumini, lakini katika udongo usio mchachu madini hayo hufungika na mizizi haiwezi kuyanyonya. Uchachu unapokuwa mkubwa, yaani pH (kipimo cha uchachu, ambacho hushuka uchachu unapozidi) iliyo chini ya 5.5, alumini huyeyuka na kupanda kwenye mmea. Juu ya pH 6 hufungika, na maua huwa ya waridi. Katikati ya hapo hutokea zambarau, na pengine kichaka kimoja hubeba rangi mbili au tatu kwa wakati mmoja, jambo ambalo wengine huliona kasoro na mimi huliona uzuri.

Udongo mwekundu wa Usambara, wa Mufindi na wa Kericho ni mchachu kwa asili. Ndiyo maana chai hustawi huko, nao mchai unapenda pH ya kati ya 4.5 na 5.5. Kwa hiyo anayeishi katika nchi ya chai atapata bluu bila kufanya lolote, na kama hakuipata, ajiulize ni nini kimemwagwa mahali pale.

Kichaka changu cha kwanza kilinifundisha swali hilo. Kilichanua bluu iliyokolea kwa miaka miwili, kisha upande mmoja, ule ulioelekea jikoni, ukaanza kutoa maua ya waridi yaliyofifia. Nilidhani ni ugonjwa. Baadaye nikagundua kwamba kila asubuhi, mtu wa nyumbani aliyekuwa na nia njema kabisa alikuwa akimwaga majivu ya mafiga chini ya kichaka kile, kwa sababu kwenye sukuma na mboga nyingine majivu yalikuwa yameonyesha faida. Majivu ya kuni hufanya kazi kama chokaa: huupunguza uchachu wa udongo na kuifunga alumini. Ilichukua mwaka na zaidi, baada ya majivu kuhamishiwa kwenye maboga, kwa bluu ile kurudi.

Saruji hufanya vivyo hivyo. Mvua inapopiga lipu, msingi au sakafu ya baraza hubeba chokaa kidogo kidogo hadi kwenye udongo ulio karibu, na ndiyo sababu haidranjia zilizogusana na ukuta huwa za waridi hata katika nchi ya chai. Maji nayo yana neno. Sehemu kadhaa za Arusha na Meru zina maji yenye magadi, na anayeyatumia kumwagilia huuondoa uchachu wa udongo ndoo baada ya ndoo. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye bati ni bora zaidi.

Mbolea za dukani zisitumiwe bila kufikiri. Fosforasi huikamata alumini udongoni, hivyo DAP na TSP, mbolea zenye fosforasi nyingi, haziwafai wanaotaka bluu. CAN, mbolea ya nitrojeni, ina chokaa ndani yake. SA, yaani salfeti ya amonia, kinyume chake, huuongezea udongo uchachu, na kwa haidranjia ya bluu ndiyo ninayoitumia: kijiko kimoja cha chakula kwa kichaka kikubwa, kikitawanywa kwa mzunguko chini ya ncha za matawi mwanzoni mwa mvua, kisha kufukiwa kidogo. Mara mbili kwa mwaka zinatosha. Nitrojeni ikizidi, kichaka hujaa majani na kusahau maua.

Anayetaka kuisukuma rangi kwenye bluu aweza kutumia salfeti ya alumini, ambayo ni ndugu wa ile shabu tunayotumia kutuliza tope kwenye maji. Yeyusha kijiko kimoja cha chakula katika lita 4 za maji, uimwage kwenye udongo uliokwisha kulowanishwa siku iliyotangulia, usiiguse kwenye majani, na usirudie kabla ya mwezi kupita. Kwa mche ulio chini ya miaka miwili usiitumie kabisa, na hata kwa kichaka kikubwa usifuate dhana kwamba zaidi ni bora, kwa sababu ikizidi huchoma mizizi. Wapo wanaofukia misumari yenye kutu chini ya mmea wakitarajia bluu. Misumari ni chuma, na rangi hii inahitaji alumini, kwa hiyo watapata misumari iliyooza tu.

Anayetaka waridi achanganye chokaa ya kilimo kidogo kidogo hadi pH ifike 6 au juu yake kidogo, na asivuke 6.5. Akivuka hapo, mmea hushindwa kupata chuma cha kutosha, na majani mapya hutoka ya manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Kwa atakayetaka kujua alipo kabla ya kuanza, udongo hupimwa katika maabara za utafiti wa kilimo, kama TARI Mlingano wilayani Muheza na KALRO nchini Kenya. Haidranjia nyeupe hazihusiki na habari hizi zote. Hazina rangi ya kubadilishwa, nazo hubaki nyeupe popote.

Kupogoa

Mkasi umenyima watu maua ya haidranjia kuliko ukame na wadudu wakijumlishwa. Mmea huu huficha matumba yake ya maua kwenye ncha za matawi yaliyokomaa, yaani yale yaliyoota msimu uliopita, miezi mingi kabla hayajaonekana kwa macho. Anayekikata kichaka chote hadi magotini, kama tunavyokata ua wa michongoma, huwa ameyakata maua ya mwaka mzima akidhani anasafisha. Nimelifanya hilo mimi mwenyewe, mwezi Agosti, nikiwa na mkasi mpya uliokuwa ukiniwasha mikono. Kichaka kilirudi kwa nguvu, kikajaa majani makubwa yenye afya, na nikakaa zaidi ya mwaka bila kuona hata shada moja.

Njia sahihi ni hii. Shada likizeeka, fuata kikonyo chake kuelekea chini hadi kwenye jozi ya kwanza ya machipukizi yaliyonona, na ukate nusu sentimita juu yake. Usishuke zaidi ya hapo. Kisha, mara moja kwa mwaka, kichaka kikishapita miaka mitatu, tazama matawi yake kutoka chini: yaliyo mazee zaidi huwa mazito, ya kijivu, yenye gome linalobanduka. Ondoa moja kati ya kila matatu ya hayo, ukilikata usawa wa ardhi, pamoja na vijiti vyembamba visivyoweza kubeba ua. Matawi mapya yatachipua kutoka kwenye kitako na kuchukua nafasi, na yale uliyoyabakisha yatachanua kama kawaida.

Katika nchi zenye majira ya baridi kali kazi hii ina mwezi wake. Kwetu haidranjia hailali kikamilifu, na katika sehemu zenye ubaridi wa kudumu kichaka kinaweza kuwa na ua bichi, ua lililokomaa na ua kavu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mimi hupogoa tawi kwa tawi, kila moja likimaliza kuchanua. Isipokuwa Njombe, Makete na sehemu nyingine zinazopigwa na jalidi mwezi Juni na Julai: huko yaache mashada makavu juu ya kichaka hadi hatari ipite, kwa kuwa huyakinga machipukizi yaliyo chini yake, na ncha zilizoungua kwa jalidi zisikatwe mpaka ionekane wazi ni wapi uhai unapoanzia.

Kuna aina mpya zinazochanua kwenye matawi ya zamani na pia kwenye yale ya mwaka huohuo, na iliyotangulia kuvuma ni Endless Summer, iliyoingia katika soko la Marekani mwaka 2004. Aina hizo humsamehe mwenye mkasi. Lakini haidranjia nyingi zilizomo kwenye bustani za nyanda zetu zimetokana na vipandikizi vya jirani kwa jirani, hakuna ajuaye jina la aina yake, na ni salama kudhani kwamba hazisamehi.

Maradhi, wadudu na mifugo

Ukiwa umechagua mahali pazuri, shida zitakuwa chache. Ubwiri unga, ule unaoonekana kama unga mweupe juu ya jani, huja pale vichaka vilipobanana na hewa haipiti. Madoa ya kahawia yenye ukingo wa zambarau huletwa na ukungu unaopenda majani yaliyolowa; kusanya majani yaliyoanguka, uyachome, na umwagilie chini. Kiangazi kikali huleta utitiri mwekundu, ambao hujificha chini ya jani na kulifanya lipauke kama lililomwagiwa vumbi; kuuosha kwa maji yenye nguvu asubuhi, siku tatu mfululizo, mara nyingi kunatosha. Konokono na koa huokotwa kwa mkono usiku.

Jambo moja lisipuuzwe hasa katika nyumba zinazofuga ndani: majani, matumba na maua ya haidranjia yana kemikali inayoweza kutoa sumu ya sianidi tumboni. Matawi yaliyopogolewa yasitupwe kwenye hori la mbuzi au ng'ombe hata kama ni mabichi na yanatamanisha wakati malisho ni haba, na watoto wakatazwe kuyatafuna.

Kuzalisha miche na kukata maua

Haidranjia haihitaji kununuliwa mara mbili. Chagua tawi la mwaka huu lisilokuwa na ua, lenye ugumu wa penseli, ulikate asubuhi likiwa na urefu wa sentimita 10 hadi 15, chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani ya chini, ubakize jozi moja ya juu, na kila jani lililobaki likate nusu ili lisipoteze maji mengi. Kichomeke kipandikizi kwenye kiriba chenye mchanga wa mtoni na mboji kwa kiasi sawa, ukifunike kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, na ukiweke kivulini kabisa. Mizizi hutoka baada ya wiki 3 hadi 5. Ukikivuta taratibu kikakataa kutoka, kimeshika. Ondoa kizibo cha chupa kwanza, na baada ya wiki moja uondoe chupa yenyewe. Asiyetaka kazi hiyo na alilaze tawi refu la chini hadi liguse ardhi, akwangue gome kidogo mahali linapogusa, alifukie na kuligandamiza kwa jiwe, kisha alikate kutoka kwa mama baada ya miezi michache.

Maua ya kupeleka ndani yakatwe asubuhi na mapema, na yachaguliwe yaliyokomaa, kwa sababu shada changa hunyauka siku hiyohiyo. Kile tunachokiita ua katika haidranjia kwa hakika ni sepali, vile vijani vinavyolifunika tumba katika mimea mingine, na hapa vimepanuka na kupakwa rangi. Maua yenyewe ni vidoa vidogo vilivyofichama katikati. Sepali hizo zina uwezo wa kunywa maji moja kwa moja. Shada likinyauka kwenye chombo usilitupe: kata kikonyo chake upya, lizamishe lote, kichwa na mwili, kwenye beseni la maji baridi kwa muda wa nusu saa hadi saa nzima, kisha likung'ute na ulirudishe mahali pake.